Neno "Yafaa" na Picha ya Nyonga Yangu

Nina nyonga mbili. Ya kulia ni yangu. Ya kushoto naishi nayo kama mpangaji mkorofi: haitoki, hainyamazi, na kila nikiinuka kitini inahamisha makabati. Daktari wa zahanati yetu aliibonyeza, akaizungusha, akaniuliza panauma wapi. Nikamwambia aniulize pasipouma, tutamaliza mapema. Akacheka, kisha akasema ipigwe picha, itumwe kwa daktari bingwa wa mifupa aliye mji mwingine. Huyo ndiye ataamua kama nipasuliwe au nipewe mkongojo na pole.

Basi nikalazwa juu ya meza baridi kama samaki wa dukani. Fundi wa eksirei akaniambia, "Bibi, usipumue." Nikamjibu, "Maneno hayo usizoee kuwaambia watu wa umri wangu, siku moja utatiiwa."

Picha ikatoka safi. Fundi akaituma kwa mtandao, tukangoja. Bingwa akajibu: jina la mgonjwa limefika, umri umefika, picha haijafika. Fundi akatuma tena. Jina limefika, umri umefika, picha hakuna. Akatuma tena na tena mpaka nikaona haya. Huyo bwana alikuwa ameletewa umri wangu mara nyingi kuliko marehemu mume wangu alivyowahi kuusikia, na nyonga yenyewe bado hajaiona.

Ningecheka tu kama si jambo moja. Bingwa alikuwa anakwenda masomoni, na Ijumaa ndiyo siku ya kuchagua wagonjwa wake wa mwisho. Picha ifike kabla ya Ijumaa, au mimi na mpangaji wangu tuendelee kulala pamoja mpaka bingwa atakaporudi, na alipotaja ni lini, fundi alishusha sauti kama anayetoa habari za msiba.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mkamwana wangu. Huyu ni mke wa mwanangu wa pekee, na mwanangu mwenyewe ni dereva wa lori, kwa hiyo nyumbani tunabaki wawili, mama mkwe na mkamwana, tunatazamana. Watu husubiri kusikia tumetoana macho. Wanangoja sana.

Kazi ya mkamwana wangu ni kupima mifumo endeshi. Mfumo endeshi ni kile kinachoiamsha kompyuta na kuijulisha kwamba hii ni kibodi, hii ni skrini, na kule nje kuna mtandao. Mtandao una kanuni zake, zimeandikwa na watu wa nchi nyingi, ili kompyuta yoyote ielewane na yoyote, hata kama watengenezaji wake hawasalimiani. Lakini kila mfumo unatamba kwamba kanuni unazifuata. Mkamwana wangu anaukalisha chini na kuujaribu: unazifuata, au unajua kuzitaja tu?

Aliponisikiliza akaweka kijiko chini. "Mama, kompyuta za zahanati zinatumia mfumo gani?"

"Nitajuaje? Una nembo ya nyundo."

"Chuma," akasema. Macho yakamng'aa. "Uko mezani kwangu wiki hii. Kesho twende wote kazini."

Maabara yao iko juu ya duka la cherehani. Ukikaa humo, sakafu inanguruma chini ya miguu, na nyonga yangu ikasema asante kwa kukandwa. Chumba ni kirefu na chembamba. Upande mmoja kuna makabati ya chuma yenye mashine zinazopepesa taa, upande wa pili makabati mengine, na katikati kijia cha kupita mtu mmoja asiyependa kula. Ukutani wamebandika maneno matatu kwa herufi kubwa: LAZIMA, YAFAA, HIARI.

Nilipoyaona nikamtazama mkamwana, naye akanitazama, tukacheka mpaka wenzake wakageuka.

Maneno hayo yana historia nyumbani kwetu. Alipokuja kuolewa nilikuwa na adabu sana, sikutaka aseme mama mkwe ni askari. Kwa hiyo sikumwamuru kitu, nilikuwa nasema tu yafaa. Siku moja maji yalikatika mtaa mzima, nikamwambia, "Mwanangu, yafaa bomba la jikoni lifungwe kabla hatujatoka." Akaona maji yenyewe hakuna, kufunga ni kwa nini? Tukaenda zetu arusini. Maji yakarudi sisi tukiwa tunapiga vigelegele. Tuliporejea, kandambili zangu zilikuwa zinaogelea sebuleni, moja inamfuata mwenziwe.

"Mama, ulisema yafaa," akajitetea, na kitambaa cha kupigia deki mkononi. "Hukusema lazima."

"Na mimi nikisema yafaa, wewe ulisikia nini? Ukipenda?"

Akakamua kitambaa. Kisha akasema kwamba hata kwenye kanuni za mtandao kuna neno hilo, na maana yake imeandikwa waziwazi. Lazima ni lazima, hakuna mjadala. Hiari ni hiari. Lakini yafaa ni hivi: fanya, isipokuwa kama una sababu unayoweza kumwambia mtu usoni, na umeshafikiria kitakachotokea usipofanya. Tangu siku hiyo tukakubaliana maana hiyo ndiyo ya nyumba yetu. Na hatujawahi kugombania bomba tena.

Hapo maabara akanionyesha mifumo yake, minne, kila mmoja ndani ya kompyuta yake. Majina rasmi yalinishinda kutamka, nikaibatiza. Wa kwanza nikauita Mstaafu, kwa kuwa unafuata kila kanuni uliyofundishwa ujanani, na mpya hautaki kuzisikia. Wa pili Bosi, ule uliojaa maofisini. Kanuni unafuata, lakini kwa namna yake, na ukikosolewa unakwambia mbona wote wanafanya hivi. Wa tatu Ujima, unaojengwa na watu wengi wasiojuana, wanatukanana kutwa, lakini ukipimwa unapita. Wa nne ndio huo Chuma, mpya, umenyooka kama bwana arusi.

"Sasa angalia," mkamwana akasema. "Kompyuta ikitaka kuongea na nyingine inabisha hodi. Mwenzake anajibu karibu. Ya kwanza inasema haya, naingia. Bila hayo matatu hakuna mazungumzo."

"Wana adabu kuliko jirani yetu."

"Jirani yetu angeandikwa nyekundu, Mama."

Akabonyeza. Chuma kikabisha hodi vizuri, kikajibu karibu vizuri, kikaaga vizuri. Alama za kijani zikapanda skrini. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi: kama Chuma ni mtoto mwema hivi, nyonga yangu imepotelea wapi?

Mkamwana hakuwa na papara hata kidogo. Alikuwa anapiga mluzi. Akachukua waya, akaupitisha katika kisanduku kidogo, akaniambia, "Hapa nimeweka mlango mwembamba, kama ile ambayo huwa iko njiani kati ya mji na mji. Vifurushi vidogo vinapita. Kikubwa kikifika, bawabu anakizuia, anarudisha neno kwa aliyekituma: mzigo wako mkubwa mno, upunguze. Mtumaji mwenye masikio anaupunguza, anatuma upya. Haya, tazama."

Mstaafu akatuma mzigo mkubwa, akaambiwa, akapunguza, ukapita. Bosi akasitasita, akapunguza. Ujima akapunguza kabla hujakohoa. Chuma kikatuma, bawabu akakirudishia neno, Chuma kikatuma uleule. Bawabu akarudia. Chuma kikatuma uleule. Alama ya kijani haikuja. Ikaja nyekundu, imekaa katikati ya kijani kama pilipili kwenye mchicha.

"Kiziwi!" nikasema.

"Si kiziwi, Mama. Amejiziba masikio. Jina lako na umri wako ni vifurushi vidogo, vinapenya. Picha ya nyonga ni mzigo. Iko mlangoni pale inagonga tangu juzi."

Nikauliza, "Sasa unaweza kumzibua?"

"Wenye mfumo ndio wanaozibua. Kazi yangu ni kuwaambia. Na kesho wanakuja."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Nikapanda tena ngazi za duka la cherehani, kidato kimoja na dua moja. Humo maabara kuna kitoroli cha kubebea mashine, nilikuwa nimeshakifanya gongo langu, nakiegemea nakisukuma, na kwa vile sipendi kuonekana natalii bure, nikajipa cheo cha kuandaa chai.

Wakaja wawili. Mmoja ni mkuu wa maabara, mtu mpole mwenye kukuna kidevu. Wa pili ni injinia aliyeongoza ujenzi wa Chuma, kijana mtanashati, suruali imenyooshwa mpaka ikapata makali. Akaniamkia, "Shikamoo, bibi." Nikaitika, "Marahaba, mwanangu." Nikampenda. Ndiyo maana yaliyompata yalinifurahisha zaidi.

Mkuu akaanza. "Nimeona matokeo. Kijani tupu, isipokuwa kipimo kimoja chekundu. Uzinduzi ni wiki ijayo, mahema yameshasimamishwa. Hatuwezi kukiandika kama dokezo dogo huko mwishoni?"

"Hapana, mkuu," mkamwana akasema, sauti ileile anayoniambia chumvi imezidi. "Hakijafaulu."

Injinia akatabasamu. "Dada, tusikuze mambo. Watu wabaya huwa wanatuma maneno ya uongo ya kibawabu ili kuvuruga mashine. Sisi tukaona bora Chuma kisiyasikilize kabisa. Ni usalama. Na kitu chenyewe kinafanya kazi. Kinasalimia, kinajibu, kinaaga."

Mimi nilikuwa nimeshapanga vikombe juu ya sinia langu la bati, pana kama mlango wa jiko, nimeliweka juu ya kitoroli, na wao wamekaa upande wa pili wa kijia. Nikasukuma. Sinia likagonga kabati la kulia na la kushoto kwa pamoja. Ngaa!

"Bibi, hapapiti hapo," injinia akasema kwa upole. "Sinia ni pana."

Nikamwonyesha meno yangu yaliyobaki. "Marahaba, mwanangu."

Nikarudi nyuma, nikaja tena. Ngaa!

"Bibi! Pana mno! Punguza vikombe, ubebe kidogo kidogo."

"Marahaba, marahaba." Nikarudi nyuma. Ngaa! Chai ikaruka, taa za mashine zikapepesa kama nazo zinacheka. Mkuu akainuka nusu, akakaa. Injinia akasimama, mikono hewani, anapaza sauti kama anayeongoza lori kurudi nyuma: "BIBI! HALIPITI! SINIA NI KUBWA!"

"Wazima wote nyumbani?" nikamuuliza.

Nikaja tena. Mkamwana wangu alikuwa ameinama juu ya meza, mabega yanamcheza. Jana yake jioni nilikuwa nimemwambia nitatengeneza chai tu, na chai nilitengeneza. Akainuka, akafuta machozi.

"Injinia, anakusalimia?"

"Ananisalimia, lakini..."

"Anakujibu?"

"Anajibu, ila hasiki..." Akakomea hapo. Akanitazama mimi, akalitazama sinia, akaigeukia kompyuta yenye nembo ya nyundo. Kisha, na hapo ndipo nilipomwongezea mapenzi, akacheka kicheko cha tumboni mpaka makali ya suruali yakapotea.

"Umenipata, bibi."

"Sikusikii," nikamwambia. "Vikombe vinne ni mzigo."

Lakini injinia si mtu wa kushindwa kwa sinia moja. Akakaa, akajipangusa, akarudi kwenye hoja. "Sawa, inachekesha. Lakini tuzungumze kanuni, maana mnapima kanuni, hampimi chai. Kwenye toleo hili la mtandao, kusikiliza neno la bawabu hakukuandikwa lazima. Imeandikwa yafaa. Nimeisoma mwenyewe. Sasa kwa neno yafaa mnanifelisha vipi?"

Mkuu akakuna kidevu. "Hapo ana hoja."

Nikahisi nyonga inaguguna. Kwa sababu kweli, ukutani pale maneno yalikuwa matatu, na kijana alikuwa ameegemea la katikati kama mto.

Mkamwana hakuhema hata kidogo. "Yafaa, ndiyo. Siyo hiari. Neno hilo liko pale, na hiari iko pembeni yake, ingekuwa kitu kimoja tungeokoa karatasi. Anayeacha la yafaa anadaiwa vitu viwili. Kwanza sababu. Wewe unayo: usalama. Sababu nzuri, naikubali."

"Basi..."

"Pili, awe amefikiria kitakachofuata. Ukiacha bomba wazi kwa kuwa maji yamekatika, sababu unayo. Siku maji yakirudi je?" Hakunitazama, lakini nilimwona akibana kicheko. "Kanuni imekuruhusu usimsikilize bawabu. Soma mstari unaofuata: asiyetaka kusikiliza abebe mizigo midogo tu, ile ambayo mlango wowote ni lazima uipitishe. Chuma kimeziba masikio na bado kinabeba mizigo mikubwa. Umechagua yote mawili, injinia. Ruhusa iko ya moja."

Chini yetu cherehani zilikuwa zinanguruma. Injinia akachukua kompyuta yake ya mkononi, akasoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. Mkuu akachungulia begani kwake.

"Mstari unaofuata," injinia akasema polepole. "Niliishia wa juu."

"Wengi huishia wa juu," mkamwana akamwambia, bila kumkanyaga. "Chagua unalotaka. Leo leo unaweza kupunguza mizigo yote iwe midogo. Itakwenda pole, lakini itafika, na kanuni itakuwa imefuatwa. Baadaye ufungue sikio moja: msikilize bawabu kwa neno hilo tu, na kwanza uhakikishe anazungumzia mzigo ambao kweli umeutuma wewe. Wale waongo hawatajua ulituma nini."

"Na mahema?" mkuu akauliza.

"Mahema yakae, mkuu. Uzinduliwe mfumo unaofika unakotumwa."

Injinia hakungoja aambiwe mara mbili. Alivua koti, akalitundika kwenye pembe ya kabati, akaandika. Mimi nikapunguza sinia, nikapitisha vikombe kimoja kimoja, na kila kimoja kilipofika alisema "kimefika, bibi," akiwa hajainua kichwa. Alipomaliza, mkamwana akarejesha mlango mwembamba na kubonyeza. Tukakodoa macho wote. Kijani. Akabonyeza tena, kwa kuwa hamwamini mtu yeyote mara moja, hata mimi. Kijani.

"Sasa kimefaulu," akasema, akamgeukia mkuu. "Hapo nitaweka jina langu."

Injinia akapiga simu zahanati, akamwelekeza fundi wa eksirei la kubadilisha. Akaweka simu mezani ili tusikie sote. Fundi akasema anatuma. Akasema jina limefika. Umri umefika.

"Huo wauzoee tu," nikasema.

Injinia alikuwa anauma kucha kama anayesubiri mkewe ajifungue. Mkamwana wangu alikuwa anakunywa chai, mguu juu ya mguu.

"Robo ya picha imefika," fundi akasema. Baadaye, "Nusu." Nikawa nauona mfupa wangu unavyopita mlangoni kipande kipande, unajikunja, unasema hodi, unaitikiwa karibu. Kisha fundi akapiga ukelele ambao hata mafundi cherehani walioko chini walinyamazisha mashine: "Imefika yote!"

Injinia akaninyanyua mkono kama bingwa wa ndondi. Nikamwambia aniachie taratibu, mpangaji yuko ndani.

Ijumaa asubuhi nilikuwa jikoni nikijidai sina habari. Mkamwana akaingia na simu, ananisomea ujumbe wa bingwa. Picha ameiona. Nyonga imelika, inatengenezeka, na nafasi ipo. Mwishoni ameandika: yafaa mgonjwa afike Jumatatu.

Nikaweka sufuria chini. Ukweli, mwenzenu nilikuwa nimepania picha ifike. Sikuwa nimefikiria mbele ya hapo kuna kisu.

"Yafaa," nikasema, najipangusa mikono taratibu. "Hakusema lazima."

"Hakusema."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo niambie sababu, Mama. Usoni." Akasogeza kigoda, akakaa mbele yangu, mikono magotini. "Na umeshafikiria itakuwaje usipokwenda?"

Nikatafuta sababu. Niliitafuta juu ya kabati, chini ya meza, nikaitafuta dirishani, ambako jirani yetu alikuwa anapita bila kusalimia. Niliinuka ili nikaitafute na chumbani, na mpangaji akahamisha kabati zima kwa mkupuo mmoja, nikabaki nimeshika ukuta.

"Lete begi," nikamwambia.

Jumatatu alfajiri mwanangu alikuwa ameshawasha lori nje, anapiga honi kama anasafirisha arusi. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, khanga imefungwa, mkongojo mkononi, nikaona mkamwana hayupo. Nikageuka kumwita. Alikuwa jikoni, gizani, na maji mtaani yalikuwa yamekatika tangu jana. Nikasikia anakaza bomba.